Puti Kwenye Mtutu

Mume wangu ni fundi bunduki, na mimi ni macho yake. Ndivyo anavyonitambulisha kwa wateja tangu mtoto wa jicho alipompunguzia uwezo wa kuona, na mwanzoni nilivimba kichwa. Siku hizi nasema bila kuficha kwamba kazi hii inatia kinyaa. Watu wanashusha bunduki za babu zao kutoka darini pamoja na mavi ya popo, wanazibwaga juu ya meza niliyoifuta kwa mikono yangu, kisha wanauliza kama hiyo ni mali.

Yeye haoni kinyaa. Anakaa kwenye stuli yake dirishani, amevaa aproni ya turubai, ananusa bunduki kabla ya kuigusa, halafu ananyamaza. Akishaanza kazi hatoi neno mpaka amalize, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bubu. Hata ukimwambia nyumba inaungua, atainua kidole kimoja kukuonyesha usubiri. Nimeishi na kidole hicho miaka thelathini na moja.

Jumamosi moja asubuhi mdogo wangu wa kiume alikuja na kitu kirefu kimefungwa kwenye shuka. Huyu ni fundi wa bodi za magari, ana gereji yake, na mdomo wake ni mtamu kiasi cha kukuuzia gari lako mwenyewe. Aliongozana na mjomba wetu, ndugu wa mama, ambaye ndiye mlinzi wa hiyo gereji. Mjomba alibaki nje kwenye benchi na kofia mpya ya ulinzi kichwani, mgongo ameunyoosha kama yuko gwaride.

"Shemeji, leo nimepata kitu," mdogo wangu akasema akifungua shuka. "Mjane wa mteja wangu alikuwa anasafisha stoo, akanipa. Nataka unijulie ni ya wapi na ina umri gani, halafu unigongee cheti cha ukaguzi. Polisi kituoni wameshakubali Mjomba aishike pale gereji, wanasubiri muhuri wako tu. Wezi wametumaliza kwa matairi!"

Ilikuwa bunduki ya marisau, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu na nyundo mbili kwa nje. Kitako kilikuwa kimepakwa vanishi ya viti, nzito, na nzi alikuwa amenasa ndani yake miguu juu. Mitutu ilikuwa nyeusi, inang'aa. Mume wangu alipoikunja kwenye bawaba ikafunguka, tukapigwa na harufu ya mafuta ya kupikia yaliyochacha. Nikachungulia ndani ya mtutu, nikaona vifuko vya mayai ya mende vimejibandika kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilitoka nje, nikatema mate, nikarudi.

"Umeshindwa hata kuifuta?" nikamuuliza.

"Dada nawe! Si nimeipiga rangi?"

Bubu aliitenganisha vipande vitatu: mitutu, mbao ya mbele na kitako. Alama za bunduki kongwe hazikai pa kujionyesha, zimejificha chini ya mitutu, pale inapoketi kwenye mwili wa bunduki. Alipitisha moshi wa mshumaa juu yake mpaka pakawa peusi, akabandika selotepu, akaibandua taratibu, akaigandisha kwenye karatasi nyeupe. Hapo ikawa zamu yangu. Nikavuta lenzi na kile kitabu chake cha alama kisicho na jalada, nikaanza kulinganisha: taji dogo, herufi mbili, namba kumi na mbili ndani ya umbo la almasi. Kwa karibu saa nzima nilisahau mende. Bunduki ilikuwa na zaidi ya miaka mia moja, imetoka ng'ambo, na kiwandani ilijaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani ile yenye moshi mwingi, si kwa risasi kali za siku hizi. Nilimsomea yote, naye akaitikia kwa kichwa.

Kisha akachukua kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, akafuta sehemu ya upana wa kiganja. Chini yake ikatokea mistari iliyojisokota, myeupe na ya kijivu, mtutu mzima. Wahunzi wa zamani walisokota chuma laini na chuma kigumu pamoja kama kamba, wakakifua kwa nyundo mpaka kikawa bomba. Bubu alinivuta mkono nipapase, akatabasamu. Mtu mwenye akili timamu amefunika kitu kama hiki kwa rangi ya kupuliza!

Tabasamu halikudumu. Aliifunga mitutu kwa uzi, akaining'iniza dirishani, akaigonga kwa kipini cha mbao. Mitutu mizima hulia kama kengele na mlio huchelewa kufa. Hii ilitoa "pu" moja, ikanyamaza. Akagonga tena. Akaiteremsha, akaendelea kufuta rangi kuelekea nyuma, na alipofika ubavuni mwa mtutu wa kushoto, upande wa chini, mistari ikapotea. Mahali pake palikuwa na kiraka cha kijivu, laini, ukingo wake haushikiki kwa kucha.

Niliijua mikono iliyofanya kazi ile kabla sijaambiwa. Nimemwona mdogo wangu akisugua milango ya magari hivyohivyo tangu ana miaka kumi na saba. Ilikuwa puti ya gereji, ile ya kusawazishia mabonde ya magari. Nilichukua sindano ya kushonea, nikaichoma pale, ikazama mpaka ncha ikatokea ndani ya mtutu. Nikataka kutoka nje kutema mate tena, na safari hii hakukuwa na harufu yoyote.

"Kutu imetoboa mtutu," nikasema, "na wewe umeliona tundu, umeliziba kwa puti, umelipulizia rangi."

"Tundu dogo tu, dada. Puti yangu haijawahi kubanduka."

"Kwenye bampa!"

Bubu akafungua mdomo. "Haipigwi. Itapasukia hapohapo. Siigongei muhuri."

"Basi usigonge," mdogo wangu akasema, akaokota mitutu mezani aifunge kwenye shuka. "Yupo fundi mwingine, anagonga muhuri bila hata kuuliza ndani kuna nini. Jumatatu Mjomba anaingia nayo kazini."

Mjomba alikuwa amesikia kelele, kasimama mlangoni. Alivua kofia. "Mwanangu," akaniambia, "mwambie mumeo agonge tu. Sitaipiga mimi. Nitaishika wezi waione, basi. Huyu ameniambia kama sina bunduki ataleta kampuni ya ulinzi."

"Si mnasikia?" mdogo wangu akasema huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwenyewe kakubali."

Nimeosha mayai ya mende, nimekwangua mavi ya popo kwa kisu cha jikoni, lakini sijawahi kuchukia kitu kama nilivyokichukia kichwa kile kinachotikisika. Tulinyonya ziwa moja, na nilitamani kunawa.

Nilichomoa mitutu mikononi mwa mdogo wangu. "Ikate," nikamwambia mume wangu.

"Ukiikata, dada, mimi na wewe basi. Usinihesabu ndugu."

Bubu alishika msumeno wa chuma, akasita. Hajawahi kukata mali ya mtu bila ridhaa ya mwenyewe. Mjomba akasogea mezani.

"Tundu lenyewe liko wapi?"

Mdogo wangu alitazama dirishani. Nikampa Mjomba mitutu. Aliiinua kama mtu anayelenga shabaha, mkono wa kulia nyuma, wa kushoto ukishika kwa chini. Kiganja cha kushoto kikatua juu ya puti, kikaifunika yote. Akaupapasa ule ulaini kwa kidole gumba.

"Juzi uliponifundisha kushika," akamwambia mpwa wake, "uliniambia nisiguse hapa. Ulisema rangi haijakauka."

Mjomba aliweka mitutu kwenye jiliwa la mezani na kuikaza yeye mwenyewe, kisha akampisha Bubu na msumeno wake.