Mwenyekiti Aliyeonja Dawa ya Pamba

Mwadila, wenzangu. Mtaniwia radhi, nitasema nikiwa nimekaa. Miguu yangu haipendi kusimama siku hizi, nami nimechoka kubishana nayo. Nimeombwa niwaeleze ninyi wenyeviti wapya wa vitongoji yaliyonipata. Nitasema yote, hata ya aibu.

Nilikuwa mtu wa nguvu. Nililima pamba huku Meatu, nilikuwa na ng'ombe wa kunitosha, na watu wa kitongoji walinichagua niwaongoze. Enzi za ushirika kazi ilikuwa nyepesi. Dawa ya wadudu wa pamba ilitoka ghala moja, na bwana shamba alikuja kutuonyesha. Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Kila mwenye baiskeli akawa muuza dawa. Chupa nyingine hazikuwa na karatasi, nyingine zilikuwa na karatasi tusizoweza kuzisoma, nyingine zilikuwa maji matupu. Unanyunyizia shamba zima, na funza wanaendelea kula vitumba kana kwamba umewatilia chumvi.

Hapo ndipo likazuka neno: dawa nzima inachonyota ulimi. Lilianzia wapi, hakuna ajuaye. Siku moja mama mjane akaniletea chupa yake. "Namhala, mzee wetu, hii ni nzima?" Watu wamesimama, wananitazama. Sikujua. Lakini jamani, mzee mzima, mwenyekiti, utasemaje hujui mbele za watu? Nikachovya kidole, nikalamba. Ikachonyota. Nikasema, "Nzima hiyo, nenda kanyunyizie." Mama wa watu akapiga magoti kunishukuru. Niliona raha, sitawadanganya.

Basi nikawa mwonjaji wa kitongoji. Kichwa kiliniuma kila siku, nikasema ni jua.

Siku yenyewe nilinyunyizia shamba langu tangu alfajiri, kifua wazi, bomba linanivujia mgongoni. Nikarudi nyumbani nikakuta watu na chupa zao. Sikuoga. Nikaonja ya huyu, nikaonja ya yule. Mara mate yakaanza kunitoka, siwezi kuyazuia. Machozi, kamasi, jasho, vyote kwa pamoja. Macho yakaingia kiza. Nikatapika, nikajiharia palepale, na wakwe zangu wapo. Nyama za mapaja zikawa zinacheza zenyewe.

Mke wangu, Mbuke, akaninywesha maziwa. Nikayarudisha yote. "Baba Limi," akasema huku analia, "leo utakufa kwa kupenda sifa!" Akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akanipeleka hadi barabarani. Pikapu ya misheni ikatuchukua mpaka hospitali.

Daktari alinusa nguo zangu, akaamuru zivuliwe zote. Wakaniogesha kwa sabuni mwili mzima, kama wanavyoosha maiti. Wakanichoma sindano, nyingine na nyingine, mpaka mdomo ukakauka nikawa naona siafu ukutani ambao hawakuwapo. Akili iliporudi, daktari aliniuliza, "Mzee, ulikunywa?"

"Nilionja."

"Kwa nini?"

"Nijue kama ni nzima."

Akanitazama. "Ikawaje?"

"Nzima kabisa, daktari."

Hakucheka.

Siku ya tatu wakaleta mgonjwa kitanda cha pili, povu linamtoka mdomoni. Nikageuza kichwa. Jilala, jirani yangu! Kumbe mwenyekiti akilazwa, chupa hazilazwi. Watu walihitaji mwonjaji, na Jilala alijitolea kunishikia nafasi. Walipambana naye mpaka jioni ndipo akapumua vizuri. Mkewe akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Namhala, ulikuwa unajua ulichokuwa unafanya?"

"Hapana, mayu, mama yangu. Sikujua."

"Sasa mbona hukusema?"

Niligeukia ukuta nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Nilirudi nyumbani baada ya majuma mengi, natembelea fimbo, nyayo zinawaka moto. Daktari alisema miguu huenda ikapona, huenda isipone. "Mimi mwenyewe sijui," akasema. Nilimshangaa alivyolitamka neno lile bila haya. Nikaitisha mkutano. Hata sijakaa vizuri, chupa ikaletwa. "Mwenyekiti, hii vipi?"

"Sijui," nikasema.

Nilitokwa jasho kuliko siku ile ya sumu. Mzee mmoja akafoka, "Hujui? Sasa tumekuchagua wa nini?"

"Hata hilo sijui. Ninachojua, hapa haonji mtu tena. Tutamwendea bwana shamba."

Bwana shamba alikuwa mbali, na alichelewa. Walinipachika jina: Mwenyekiti Sijui. Sijalizoea, linaniuma mpaka leo.

Namshukuru Mungu, na yule daktari, na Mbuke ambaye hakuacha kunigombeza wala kuniogesha. Nanyi wenzangu, dawa ikikumwagikia, vua nguo, oga kwa sabuni, kimbilia hospitali. Msipoteze muda na maziwa. Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui, kisha uvumilie watakavyokutazama. Ni vigumu, sikufichi.

Mwaka ule funza walikula sana pamba yetu. Mavuno yalipokuwa haba, watu waliitisha mkutano kunisema. Nilikaa mbele na fimbo yangu, nikasikiliza kutwa nzima. Jilala ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Nilizungusha macho nikiwatazama mmoja mmoja: walikuwepo wote, hakuna aliyepungua.