Ghuba ya Mawe Niliyosema Naijua

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku nilipokaribia kumkosa Konsolata, huyu mke wangu anayekukaangia samaki wa mukeke kila ukija. Cheka tu, nimeshazoea. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Kigobe, viatu vinang'aa, mdomo haupumziki, na nilikuwa namchumbia yeye, binti wa mtaa wa Kanyosha. Kwao wakamtuma shangazi yake anipime. Na shangazi wa binti akikataa, baba mtu hafungui hata kinywa.

Mimi, ili nionekane mtu, nikasema nitawatembeza yeye na Konsolata kwenye ghuba moja ya mawe kando ya ziwa, njia ya Rumonge, mbali kupita Ruziba. Nikaapa napajua kama chumbani kwangu. Wapi! Nilikuwa nimehadithiwa tu na mwenzangu wa kazini.

Tulipofika, uzuri wa pale ulinishangaza mimi mwenyeji wa uongo kuliko wageni wangu. Milima imeshuka mpaka majini, mawe makubwa kama nyumba, na maji safi hata unaona samaki wa manjano wakichungulia kati ya mawe. Tai alikuwa akilia juu yetu. Konsolata alivua viatu akaruka jiwe hadi jiwe, na shangazi, mama mnene mwenye heshima zake, akacheka kwa furaha. Nikajiona nimeshaoa.

Juu kidogo kulikuwa na mama mmoja akianika ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani. Kando ya ziwa letu mgeni husalimia kwanza waliopo, akawaambia anakokwenda, nao wakamwelekeza. Shangazi akataka tusimame. Nikamwambia apana, mi napajua hapa. Nikawapeleka kwenye kijia laini kinachoshuka katikati ya mawe, nikatandika kitenge, tukapanga ndizi na samaki.

Hatujala tonge la pili, yule mama akapiga kelele kutoka juu.

"Pandeni mu mawe! Mumekaa mu njia ya kiboko!"

Kumbe mzee mwenye njia yake alikuwa amechelewa malishoni, na sasa anarudi majini, tena kwa haraka. Konsolata alipanda mara moja. Shangazi hakuweza, ikabidi nimsukume kwa nyuma kwa mikono miwili, mkwe wangu mtarajiwa! Adabu zote ziliishia pale. Kiboko akapita juu ya kitenge, akazisaga ndizi zetu, akaingia majini bila hata kututazama.

Yule mama akashuka, akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi kwamba yeye alikuwa pale tangu asubuhi, na kumuuliza kusingenipunguzia kitu. Nikainamisha kichwa. Ndipo shangazi, bado anahema, akanigeukia.

"We kijana, hapa ulishafika siku gani?"

Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni, mwanangu: viboko hawakuwapo zamani, wamehamia juzi. Lakini Konsolata alikuwa ananitazama, na nilijua jibu hilo ndilo litakaloamua kama nitamuoa.

"Sijafika hata siku moja, shangazi. Nilidanganya ili munione mutu."

Shangazi akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. Kisha akacheka, akacheka hadi akaketi juu ya jiwe.

"Ungenidanganya tena, ningerudi na mutoto wangu. Sasa enda umuulize yule mama njia ya kurudi. Uulize kwa sauti, nikusikie."

Nikauliza. Miezi michache baadaye wakapokea mahari yangu.

Basi sikia, mwanangu, kabla hujaondoka. Kuuliza si ujinga, na mficha uchi hazai. Usichokijua, sema hukijui mapema, kabla hujawakalisha unaowapenda mahali pa hatari. Na ukishadanganya, usiongeze la pili. Rudi pale pale uliposema la kwanza. Utaona haya kidogo, lakini haya haiui mtu.

Nenda ukaione dunia, ni nzuri. Mungu akupe ulimi wa kuuliza, akukutanishe na wenye subira ya kukujibu, na yule umpendaye akusikie ukisema kweli, asikuache.