Redio Niliyoisugua kwa Majivu

Siku niliyosugua redio ya mama mkwe kwa majivu na mchanga, mwanangu, naiona bado kama ya juzi. Nilikuwa nimeolewa miezi miwili tu, naishi kwa Bi Somoe pale Makote. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, maduka ya Newala yameanza kujaa vitu, na mume wangu Saidi akamnunulia mama yake redio msimu wa korosho ulipoisha. Mbele ilikuwa na kioo cha plastiki, nyuma yake mshale na namba za stesheni. Kila jioni Bi Somoe aliufuata mshale ule kwa kidole, apate matangazo ya vifo, maana ndugu zake wametapakaa.

Mimi kung'arisha masufuria nilikujua. Nikadhani na plastiki ni hivyo hivyo. Kioo kilipokauka kilikuwa cheupe kama ukungu, mshale hauonekani. Nikaifunika redio kwa kanga, nikaaga kwamba inakoroma, naipeleka kwa fundi. Uongo huo.

Fundi Chilumba wa sokoni Newala alikichomoa kioo, akakishika juu ya pasi ya mkaa, mbali kidogo.

"Kaka, sogeza, nitachelewa."

"Nikisogeza kitajikunja chote, shemeji. Tulia. Hapa juu kabisa pana utando mwembamba, unalegea kabla ya plastiki ya ndani. Hauwi maji. Unatambaa polepole, unajaza mikwaruzo yako, na umbo linabaki."

Tukangoja. Mikwaruzo midogo ikafifia, namba zikarudi. Miwili mirefu ikabaki. Nilipumua kama niliyetua ndoo kichwani.

"Mwenyewe anajua?" akauliza.

Nikaanza kuikunjua kanga niifunike redio.

"Basi hiyo miwili kamwambie."

Nilimwambia. Bi Somoe akapitisha kidole kwenye mkwaruzo, nami nikijiona narudishwa kwetu. Kisha akasema, "Mkamwana, na masufuria yangu mbona huyasugui hivi?" Akacheka yeye kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiharibu, sema mapema. Na ukitaka kumrudia mtu aliyekukasirikia, usimsogelee na moto wote. Mpe joto la mbali, ungoje; moyo nao hulegea juu kwanza, ndani ukibaki na umbo lake. Mkwaruzo utakaobaki usiufiche.

Mungu akupe subira ya Chilumba, na nyumbani akuwekee mtu wa kukucheka akiisha kukusamehe.