Karatasi Iliyoyeyuka Mlangoni

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaaminisha wengine, kwamba karatasi za matokeo ya uchaguzi zinazobandikwa kwenye milango ya shule zilitengenezwa ng'ambo kwa dawa maalumu. Jua la huku kwetu Tshopo likizipiga siku mbili, zinayeyuka zenyewe, tarakimu kwanza, halafu karatasi yote, mpaka raia anabaki anatazama mbao. Msicheke. Nilisema jambo hilo redioni, kwa sauti yangu hii ambayo watu wa Lubunga waliisikia ng'ambo ya mto hata bila kuwasha redio. Na kwa sababu nililisema, mwalimu mmoja wa shule ya msingi kwenye barabara ya Bengamisa alipoteza jina lake zuri. Anaitwa Madame Feza. Nitafika kwake. Kwanza mjue kazi yenyewe ilivyokuwa, maana kosa langu lilizaliwa ndani ya kazi.

Siku ya kwanza niliingia redioni, hapa Kisangani, nimevaa suti ya marehemu tonton, mjomba wangu. Mabega ya suti yalifika mlangoni kabla yangu. Bwana Directeur wa kituo alinitazama toka viatu mpaka kichwa.

"Weye njo ule wa shule ya jioni?"

"Ndiyo, Bwana Directeur." Diploma yangu niliipata ukubwani, chini ya taa moja iliyokuwa na wadudu wengi kuliko wanafunzi.

"Iko unajua kusoma majina ya watu bila kukosea?"

"Ninajua sana."

"Bon. Utasoma maiti."

Alimaanisha matangazo ya misiba. Mtu akifa Mangobo, ndugu wa Ubundu watajuaje? Kwa redio. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kila mgeni, na msidhani ni kazi ndogo. Ukikosea jina la marehemu, familia nzima inakuja getini na toleka kumi na tano, kila baiskeli imebeba shangazi mwenye hasira. Mara moja nilimtangaza mfiwa badala ya marehemu. Alikuja mwenyewe, akasimama mbele yangu anipe nafasi nimguse mkono nihakikishe.

Ndipo Rédacteur en chef aliponiita. Huyu ndiye anayeamua habari ipi itaingia hewani na ipi itabaki mezani. Alikuwa mtu wa Bukavu, mwembamba kama kalamu yake nyekundu, anakunywa chai bila sukari na hacheki. Aliniambia, "Amisi, kila jina unasoma iko na mwenyewe. Mwenyewe anasikiliza." Kisha akanipa maswali yake mawili, ambayo kila mwandishi wa kituo kile aliyajua kama anavyojua jina la mama yake: Nani aliona? Na yule anayesemwa, yeye anasema nini? Usipoleta majibu yote mawili, kalamu nyekundu inapita, habari inakufa, na hakuna tangazo la msiba wake.

Baada ya miaka mitatu ya maiti nikapelekwa Yahuma, mwandishi wa kituo cha mbali. Nilipanda baleinière, ile boti ya mbao ya mtoni, halafu pikipiki, halafu miguu, na nilipofika vumbi la barabara lilikuwa limenibadilisha kabila. Kule habari tulituma kwa phonie, ile redio ya mawimbi ambayo unasema sentensi moja na kungoja mwenzako aseme "nimepata". Ilikuwa shule nzuri. Ukijua utarudia kila sentensi mara nne, unaacha maneno ya urembo.

Yahuma hakukuwa na gundi wala skochi, ule utepe wa kunata. Tangazo lolote, la mkutano, la chanjo, la soko, tulilibandika ukutani kwa uji wa unga wa muhogo. Unapika uji mzito, unapaka kwa vidole, unabandika. Unashika kuliko gundi ya duka. Mwezi wa njaa ungeweza kulamba tangazo ukashiba.

Huko ndiko nilikoona uchaguzi wangu wa kwanza kama mwandishi. Siku hizo hakukuwa na mashine ya kupigia kura, ilikuwa karatasi tu, na kwa wingi wa wagombea karatasi ya kura ilikuwa kubwa kama shuka. Niliona mzee mmoja mvua imemkuta kwenye mstari, akaifungua yake akajifunika mabegani, akaendelea kungoja sanduku.

Niliporudi Kisangani nilikuwa mkubwa wa habari za uchaguzi. Nieleze hapa jambo moja la kazi, maana vijana wa leo wanaishi ndani ya simu na hawalijui. Kura zikishahesabiwa chumbani, mkuu wa chumba anajaza fiche, yaani karatasi ya matokeo ya chumba kile. Nakala wanapewa mashahidi wa vyama, nyingine inapelekwa mjini kujumlishwa, na nakala moja inabandikwa mlangoni. Hii ya mlangoni ndiyo ukurasa pekee wa uchaguzi ambao raia anausoma kwa macho yake, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Sisi wa redio kazi yetu ilikuwa kuzunguka milango, kunakili, na kusoma hewani chumba kwa chumba. Kujumlisha ilikuwa marufuku, hiyo ilikuwa haki ya tume ya uchaguzi peke yake. Lakini mama wa Kabondo akisikia tarakimu nilizosoma ni zile zile alizoziona mlangoni, anajua mambo ni sawa. Imani yake ilikuwa juu ya ule mlango.

Sasa uchaguzi uliofuata, ule wa kosa langu. Siku ya pili baada ya kuhesabu, mji ulikuwa umejaa neno la karatasi zinazoyeyuka. Muuza mafuta alilisema, padri alilipinga, kwa hiyo watu wakaliamini zaidi. Nikachukua kinasa sauti nikaenda barabara ya Bengamisa kuona mwenyewe. Nilianza na parokia. Pale fiche zilikuwa mlangoni, nzima, zimebandikwa kwa skochi ya masista. Nikasema moyoni, hizi hazikuyeyuka kwa sababu zimelala nyumba ya Mungu.

Nikaendelea mpaka ile shule ya msingi. Nikawafukuza mbuzi waliolala barazani ili nifike mlangoni, nikatazama. Jamani! Fiche ilikuwa imebaki kipande cha juu tu, chenye nembo ya tume, jina la chumba na la mkuu wake. Kutoka kifuani kwangu kwenda chini, hakuna kitu. Tarakimu zote zimekwenda. Karatasi ya chumba cha pembeni, iliyobandikwa juu karibu na dari, ilikuwa nzima. Mimi na diploma yangu nikaeleza hata hilo: kule juu kivuli cha bati kinazuia jua, dawa haijapata moto. Nilijiona profesa.

Mkuu wa chumba kile alikuwa Madame Feza, mwalimu wa darasa la pili. Jina lake lilikuwa pale kwenye kipande kilichobaki. Sikumtafuta. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na toleka moja tu inayorudi, na habari nilikuwa nayo tayari.

Mezani, Rédacteur en chef aliisoma mara mbili.

"Amisi, nani aliona hii karatasi inayeyuka?"

"Kila mutu, Chef."

"Kila mutu hana jina. Nipe mutu mumoja."

"Mimi mwenyewe. Nimeona kipande."

"Umeona kipande. Umeona inayeyuka?"

"Chef, kama ingechanwa na mutu angechana yote. Hii imeliwa toka chini, polepole. Njo dawa."

Akaifungua kalamu yake nyekundu. "Na huyu Madame, anasema nini?"

Hapa ndipo. Katika maisha yangu nimetia chumvi nyingi, samaki wangu wote ni wakubwa na mvua zangu zote ni gharika, na hakuna aliyeumia. Siku ile sikutia chumvi. Nilisema uongo, mfupi kabisa.

"Nilimuuliza, Chef. Alikataa kusema."

Kalamu nyekundu ilikaa hewani kidogo, ikashuka mezani bila kugusa karatasi. Habari ikapita. Nikaisoma kwa sauti yangu ya Lubunga: fiche imeyeyuka, tarakimu zimepotea, na msimamizi wa chumba, Madame Feza, amekataa kusema lolote.

Nakala za mashahidi? Mashahidi watatu walikuwa nazo mifukoni. Ningeweza kuwaomba. Sikuwaza hata dakika moja.

Neno lilifika Banalia, likarudi Kisangani limenenepa. Siku chache baadaye tulisikia wazazi wanatoa watoto kwenye darasa lake, na vijana wamesimama mbele ya nyumba yake wanamwimbia nyimbo za kejeli. Halafu tukasikia ameondoka. Nikamwendea Rédacteur en chef kwa furaha ya mshindi.

"Unaona, Chef? Amekimbia. Mutu hana kosa anakimbia nini?"

"Alors, hata sasa hajasema kitu," akajibu, akarudi kwenye chai yake.

Maisha yakaendelea. Huyo Rédacteur en chef alistaafu, akaja mwingine aliyependa muziki kuliko habari, kisha mwingine. Ikaja mashine ya kupigia kura, na nayo ikaja na uvumi wake, kwamba inajua kidole cha kila mtu na inakuchagulia ukisinzia. Hiyo niliikataa, nikajisifu kuwa mimi si mtu wa kudanganywa. Lakini nilipozunguka kunakili fiche niliona jambo ambalo sikulielewa haraka: milangoni hakuna watu. Zamani tulisukumana. Sasa nilikuwa nasoma peke yangu. Nikamuuliza mama mmoja wa Mangobo, jirani yangu, mbona hakwenda kutazama matokeo ya chumba chake, hatua thelathini kutoka jikoni kwake.

"Eh, Papa Amisi," akasema, "si weye ulitufundisha? Ya nini kwenda kusoma kitu inayeyuka?"

Nikacheka. Nilichukua kama sifa.

Nilipostaafu walinipikia lituma ya ndizi na samaki, wakanipa saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika kumi kila siku, ili nisije nikachelewa popote tena. Nikikaa nayo nawaza. Watu wanasema imani ya wananchi kwa uchaguzi imeharibiwa na wakubwa. Inawezekana, wakubwa wana mikono mirefu. Lakini mimi nilikuwa mtu mdogo, na niliiharibu kwa kipande kimoja cha karatasi na sentensi moja. Sikupewa hata soda. Nilitaka tu habari yangu iwe nzuri. Ninyi mnaotuma sauti kwenye vikundi vya simu kabla hata ya kuvuka barabara kuuliza, mnanisikia? Mimi nilikuwa na Rédacteur en chef aliyenizuia kwa maswali mawili, na bado nikapita. Ninyi hamna hata huyo.

Haya mawazo sikuyapata peke yangu. Niliyapata hivi.

Kabla ya uchaguzi huu uliopita, vijana wa redio waliniita kwenye kipindi cha wazee. Nikawapa vichekesho vyote, mzee na shuka lake la kura, mfiwa aliyekuja nimguse, na mwishoni, kama zawadi, fiche iliyoyeyuka. Studio nzima ilitikisika. Kesho yake mchana nilirudi kuchukua miwani niliyoisahau, mlinzi wa geti akaniambia kuna mama ananingoja. Alikuwa amekaa kwenye benchi, nywele nyeupe, kitenge safi, mwavuli magotini.

"Weye njo Papa Amisi?"

"Njo mimi, mama. Karibu."

"Mi ni Feza. Wa barabara ya Bengamisa."

"Madame Feza! Mimi nilifikiri..."

"Ulifikiri nilikufa? Ulipenda kusoma maiti, najua." Hakucheka. "Jana nimekusikia. Ile karatasi, miaka yote hii, haijamaliza tu kuyeyuka?"

Nikakaa chini. Mlinzi alijifanya anafagia.

"Ulisema nilikataa kusema," akaendelea. "Uliniuliza lini?"

Nilikuwa na majibu kama mia. Nikatoa moja.

"Sikukuuliza, mama."

"Haukuniuliza. Nilikuwa ndani, nyuma ya ule mlango, nafunga masanduku. Nilikuona kwa dirisha na ile mashine yako ya sauti. Nikasema, bon, huyu wa redio atapiga hodi. Nikapangusa kiti. Ukapanda toleka, ukaenda." Alinyoosha mkunjo wa kitenge. "Darasani wakabaki watoto saba. Mtaani nikaitwa Madame Dawa. Nikahamia huku mjini, nikauza ndizi za makemba Kabondo. Kufundisha sikufundisha tena. Sikuja kukudai kitu. Nimekuja kwa sababu jana watu wamecheka tena."

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Nikamwambia nitarudi hewani wiki ile ile niseme kwa jina langu kwamba nilidanganya, na nilirudi, na kipindi kile hakuna aliyecheka. Lakini kabla hajainuka pale kwenye benchi, niliuliza swali ambalo lilichelewa maisha yake yote ya kazi na yangu.

"Basi mama, ile karatasi ilikwenda wapi?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa darasa la pili aliyekosa moja na moja.

"Skochi ilikuwa imeisha. Tulibandika na uji ya muhogo, papa. Mbuzi ya directeur wa shule wakakula, mpaka pale shingo yao inafika. Wale mbuzi uliwafukuza weye mwenyewe, nilikuona."