Kuku wa Mama Chelangat na Vidole Vyeusi

Jumapili nilitazama tamthilia ya upelelezi kwenye hoteli moja hapa Kimulot. Inspekta alimnasa muuaji kwa alama nyeusi za vidole mlangoni. Mimi niliyeacha shule darasa la sita nikajiona nimefuzu kazi hiyo.

Kesho yake Mama Chelangat, ambaye namchumia chai na kulala stoo kwake, akapoteza kuku. Nilikagua mlango wa jikoni, nikakuta alama nyeusi za vidole. Jioni, kwenye kituo cha kupimia majani chai, nikamkabili jirani yake, mzee wa kanisa, mbele ya foleni nzima, Mama Chelangat akiwemo.

"Mzee Koech, hebu nyoosha mikono."

Akanyoosha. Vidole vilikuwa vyeusi.

"Mnamwona mwizi? Vidole kama hivi vimeacha alama kwenye mlango wa jikoni wa Mama Chelangat!" nikasema.

Wanawake wakacheka, wakaweka vikapu chini na kuinua mikono yao. Yote ilikuwa myeusi kwa utomvu wa majani chai, kama ya mchumaji yeyote.

"Sasa, bwana polisi," Koech akasema taratibu, "ni nani hushika huo mlango kila asubuhi akiingia kunywa chai?"

Mama Chelangat akavitazama vidole vyangu.

"Kijana, kuku wangu alikuwa mtamu?"