Yale Ambayo Sinema Haikutuonyesha

Wakati wa vita, shule yetu ya Alunguli ilipofungwa, mimi na rafiki yangu tulizoea kuvuka mto kwa mtumbwi kwenda mtaa wa Kasuku, ng'ambo ya pili, kutazama sinema. Tulikaa kwenye mabenchi ndani ya chumba cha mabati, jenereta ikinguruma nje. Sote wawili tulikuwa wasichana wa miaka kumi na sita.

Katika filamu zile kijana na msichana walionana leo, kesho mlango wa chumba ukafungwa, na keshokutwa msichana yuko sokoni anacheka. Hakuna aliyekosa siku zake. Hakuna aliyeogopa ugonjwa.

Siku moja, tukirudi, rafiki yangu aliniambia kwamba kuna kijana, mchuuzi wa Kampene, anamtaka.

"Lakini naogopa mimba," alisema.

Nikamcheka. "Mara moja tu? Yule msichana wa filamu alipata nini?"

Nilisema kama mtu anayejua. Sikujua kitu. Nyumbani hakuna aliyetuambia neno, na mambo hayo tuliyasoma kwenye sinema tu.

Rafiki yangu akaniamini, akaenda kwa yule kijana. Kijana alirudi Kampene kabla mimba haijaonekana. Rafiki yangu alijifunga kikwembe, kitenge chake, kwa kukikaza tumboni hadi mwezi wa saba wa mimba, akimficha mama yake. Uchungu ulimshika mapema. Nyumba ya uzazi haikuwa na dawa wala daktari. Watu walikuwa wamekimbia. Alitokwa na damu asubuhi nzima. Tulimzika pamoja na mtoto wake.

Mwaka huu nilimkuta binti yangu, naye ana miaka kumi na sita, akitazama filamu kwenye simu. Niliketi naye mpaka mwisho. Mlango ulifungwa, kisha picha ikarukia harusi. Hapo nikamsimulia yote, hata lile neno langu.

"Mama yake anajua ulimwambia vile?" akauliza.

"Hapana."

Jumapili nilikwenda kwa yule mama. Bado anaishi Alunguli. Nilimkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo, nikapiga magoti, nikamwambia. Mchi ukasimama.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nilizania ni mimi njo nilikuwa mukali sana, mutoto akaogopa kuniambia."

Hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Aliniachia mchi mkononi, akaketi chini, akalia. Nami nikaendelea kutwanga, kwa kuwa sikujua la kufanya.