Nilipowakataza Watani

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: je, mzaha mmoja tu unaweza kumrudisha mtu kwenye unga? Kaka yangu alikuwa amerudi nyumbani Mtanda, anaendelea na dawa zake za kuacha unga, na mshauri wake wa tiba alimwambia aongeze mazoezi. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, alisema, ila yatamsaidia kulala, na ile hamu ikija itamkuta ana shughuli. Kaka akajiunga na kikundi cha mchakamchaka kinachokimbia baada ya swala ya alfajiri.

Mimi nimemaliza chuo na sina ajira, kwa hiyo kuwaza ndiyo kazi yangu, tena bila likizo. Asubuhi ya kwanza nilisimama barazani nikamsikia kiongozi wa mbio akimpokea kaka. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu.

"Karibu, ng'onda! Jamani, kimbieni taratibu, upepo wenu utambeba huyu."

"Na wewe na hicho kitambi," kaka akajibu, "nani anamkimbiza mwenzake?"

Wakaondoka wanacheka. Mimi nikabaki na ng'onda. Kumwita samaki mkavu mtu aliyekondeshwa na unga! Tusi litazaa aibu, aibu itazaa upweke, upweke utamrudisha kijiweni. Kufikia wakati wa chai nilikuwa nimeshamzika kaka yangu na kupika pilau la hitima.

Jioni nikamfuata mtani dukani kwake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtani. Uso huo umeuazima msiba gani?"

Nikamweleza, kwa Kiswahili cha chuoni, kwamba kaka ni mgonjwa na asitaniwe.

"Sawa, mwanangu," akasema. Hakuniita mtani tena, nami nikadhani ni heshima.

Kuanzia hapo walimpokea kaka kwa upole mtupu. Unajisikiaje, ndugu? Tupunguze mwendo, ndugu? Mmoja alimbebea chupa ya maji. Haikupita wiki, kaka akaacha kwenda. Viatu vilikaa mlangoni, yeye akalala mchana kutwa ameelekea ukutani. Kisha siku moja, tunamenya mihogo, akasema kesho yake angekwenda kuwasalimu wenzake wa zamani. Kisu kilimponyoka mama. Wenzake hao ndio aliokuwa akivuta nao.

"Si ukakimbie kwanza?" nikamwambia.

"Nikimbie na nani? Wale wananisindikiza kama jeneza. Tena jeneza lina nafuu."

Alisema kweli. Babu alipofariki, watani walimwigiza anavyokohoa mbele ya wafiwa wote, na bibi akacheka huku analia. Kwetu hata maiti hutaniwa. Mimi, na shahada yangu, nilikuwa nimemnyima kaka yangu hata haki ya maiti.

Nilijua la kufanya, lakini sikuinuka mara moja. Je, ikiwa sasa ndipo mzaha utakapomvunja? Je, asipofungua mlango? Nilizunguka uani mpaka mama akasema kama nataka mazoezi nikakimbie na wenzangu.

Nikaenda dukani.

"Mtani, lile ombi langu nalifuta."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Ombi la mtani halifutwi bure. Lina faini. Kesho utakimbia mwenyewe."

Nikataka kueleza habari za magoti yangu. Badala yake nikaenda kutafuta viatu.

Alfajiri wakasimama chini ya dirisha la kaka.

"Ng'onda! Toka nje, paka wamekwisha kupita!"

Nilikuwa ukumbini, kamba za kiatu mkononi. Halafu komeo la chumba chake likalia.

"Kitambi umekuja nacho," kaka akauliza akitoka, "au kimetangulia?"

Alivaa viatu pale mlangoni bila kunitazama, akaruka ngazi. Mtani akaniona nimesimama mlangoni.

"Na msomi wetu je? Anakimbia, au bado anafikiria kukimbia?"

Nikafunga kamba, nikakimbia.